Ukurasa wa tisa ulikwama kwenye mashine

Nina duka dogo la steshenari hapa Bagamoyo, Magomeni, sio mbali na stendi, huu mwaka wa kumi na moja. Fotokopi, kuprinti, laminesheni, picha za paspoti, bahasha, na siku hizi nawajazia watu fomu za vyuo na za ajira mtandaoni. Hili ninaloandika nimekaa nalo zaidi ya miaka miwili na leo naliandika kwasababu nilimpigia simu kijana mwenyewe aliyeitoa siri ya ofisini kwake nikamuomba ruhusa, akaniambia andika dada, ila ofisi usiitaje, mradi usiutaje, na mimi nibadilishe badilishe mtu asinijue. Kwahiyo vitu vidogo vidogo nimevigeuza. Kilichotokea ndo hiki hiki.

Ilikua saa nane mchana, umeme ulikatika toka asubuhi ndo kwanza umerudi, watu wamejaa mlangoni kila mtu ana haraka. Akaja kijana mmoja namfahamu kwa sura, yuko kwenye ofisi moja ya umma, huwa anakuja kununua bahasha za kaki. Siku hiyo hakuja na faili. Alitoa karatasi kumi na nne kutoka ndani ya shati, nilivyozipokea zilikua na joto la mwili, na juu ya kila ukurasa kuna muhuri mwekundu umeandikwa SIRI. "Dada nitolee seti mbili, nazisubiri." Alikua anaongea na mimi macho yako barabarani.

Mashine yangu ya mtumba, nilinunua Kariakoo, na ikizimika ikapoa alafu ukaiwasha ukaikimbiza inakula karatasi. Ikala. Ukurasa wa tisa, seti ya pili, kopi ikakwama ndani. Nikafungua nikavuta nilichoweza kuona nikafunga, nikautoa upya, akahesabu, akalipa, akarudisha kila kitu ndani ya shati, akaondoka hata chenji hakuchukua.

Jioni wakati nasafisha nikafungua kile kimlango cha ubavuni nikakuta ile karatasi iko mle imejikunja kama kipepeo. Wino wake ulikua haujaiva, ukigusa unabaki kidoleni. Nikainyoosha juu ya kaunta. Wallahi nilitaka tu nione ni taka au ni karatasi ya mtu. Ni jedwali. Jina, namba ya kiwanja, ukubwa, kiasi cha fidia, namba ya simu, namba ya akaunti. Mstari wa saba nikakuta jina la Bibi anayeuza vitumbua hapa jirani na dukani kwangu, ambae namuamkia kila siku asubuhi kabla sijafungua mlango. Mbele ya jina lake imeandikwa 6,400,000.

Sasa mimi najua Bibi alilipwa shilingi ngapi. Alikuja mwenyewe na karatasi yake ya malipo nimtolee kopi, kwenye mashine hii hii, na aliniuliza "mwanangu nisomee vizuri hapa, ni milioni moja na laki nane na nusu eti?" Nikamsomea. Ilikua 1,850,000. Akaikunja akaifunga kwenye pindo la khanga.

Sikulala vizuri siku tatu.

Nielezeeni vizuri mnielewe, kwasababu mtu anaweza kusema si ungemwambia tu Bibi, jirani yako, shida iko wapi. Mtu wa fotokopi anabeba siri za mji mzima. Mimi naona talaka kabla mke hajaiona. Naona majibu ya hospitali, barua za kufukuzwa kazi, wosia, cheti cha kuzaliwa cha mtoto ambae jina la baba ni lingine. Marehemu baba yangu alikua karani mahakama ya mwanzo na aliniambia siku nafungua duka hili, karatasi ya mtu ni nguo yake, ukimkuta ameivua geuza uso. Sisi watu wa pwani tumelelewa hivyo, kusitiriana, mtu akikosea humtangazi, na anaetembeza habari za watu anaitwa mbea, mfitini, na hilo jina likikushika halitoki. Nimeliishi neno la baba miaka yote. Kwa hiyo nilivyoshika ile karatasi swali langu la kwanza halikua Bibi kaibiwa, swali langu la kwanza lilikua mimi nimefanya nini kuisoma.

Usiku wa pili ndo likanijia swali lingine. Hii karatasi ni nguo ya nani?

Maana muhuri wa SIRI unamsitiri mtu, lazima, hakuna siri isiyokua na wa kumficha. Majibu ya hospitali yanamsitiri mgonjwa. Mtihani wa taifa unafichwa mpaka siku yake ili mtoto wa Kiwangwa na mtoto wa Masaki waufungue saa ile ile. Jina la aliyeenda polisi kumtaja jambazi linafichwa asije akauawa. Wanajeshi wako wapi wanaelekea wapi, hilo nalo lifichwe, mimi sina ugomvi nalo na yeyote anaesema serikali isiwe na siri hata moja hajawahi kukaa akafikiria. Lakini hili jedwali? Mwenye hela ni Bibi. Kiwanja kilikua cha Bibi. Kiasi kimeandikwa jina lake yeye. Na mtu pekee aliyefichwa ni yeye Bibi. Hapo nikaona huu muhuri umemvua nguo Bibi ukamvalisha mtu mwingine.

Sisi wa Bagamoyo hili la karatasi tusizoonyeshwa tunalijua kuliko watu wengi. Angalia habari ya bandari. Makubaliano yalisainiwa Machi 2013 Rais wa China alipokuja nchini, Oktoba 2015 Rais Kikwete akaweka jiwe la msingi kule Mbegani, tukaambiwa mradi wa dola bilioni 10, watu wa Mlingotini na Zinga na Pande wakakaa wanasubiri, mwingine anaogopa kuezeka nyumba, mwingine anaogopa kupanda minazi kwenye shamba lake mwenyewe. Hatukuona mkataba. Juni 2019 ndo Rais Magufuli akasema hadharani mbele ya wafanyabiashara kwamba masharti yake ni ya ajabu, kuna dhamana ya miaka 33 na kukodisha ardhi miaka 99, ni mwendawazimu tu ndo angekubali. Nilikua dukani redio iko juu ya friji, watu walinyamaza wote. Mzee mmoja aliyekua anasubiri picha za paspoti akauliza, kwahiyo hayo masharti miaka yote hiyo yalikua kwa nani? Hakuna aliyemjibu. Simsemi vibaya aliyeutaka mradi wala aliyeukataa, mimi bandari naitaka maana ingeniletea wateja. Ninachosema ni kwamba tuliambiwa ni mzuri bila kuuona, alafu tukaambiwa ni mbaya bila kuuona, na mimi na majirani zangu mpaka leo kipande cha ule mkataba hatujakishika mkononi. Na 2023 ikarudi kwa sura nyingine, safari hii makubaliano ya bandari na Dubai, watu wengi walianza kuyasoma kwenye simu zao, mtu kayatuma, kabla Bunge halijayapitisha tarehe 10 Juni. Kuna waliomlaani aliyeyatoa. Lakini ubishi wote tuliobishana nchi nzima, misikitini, makanisani, kwenye daladala, wa kukubali na wa kukataa, ulipata nguvu kwasababu watu walikua wamesoma vifungu wenyewe.

Turudi kwenye karatasi yangu. Usiku wa tatu nilichukua simu nikapiga picha ule ukurasa nikaenda kwenye grupu la WhatsApp la mtaa, kidole kiko kwenye kutuma. Nikaisoma tena ile picha. Majina ishirini na mbili, namba za simu ishirini na mbili, namba za akaunti ishirini na mbili. Kuna mjane pale na shemeji zake hawajui kama amelipwa. Kuna mzee mwenye watoto wanne wa kiume ambao kila mmoja anamwangalia mfukoni. Nikifungua ile karatasi kwa ajili ya Bibi nimewavua nguo wengine ishirini na moja. Nikafuta picha.

Baadae nilikuja kusoma kwamba hili ndo jambo linalowagonganisha watu hata kwenye yale makubwa ya dunia. WikiLeaks, wale wa mtandao wa kuvujisha nyaraka za siri, walipata nyaraka za mabalozi wa Marekani zaidi ya laki mbili na nusu, mwanzoni magazeti yalikua yanafuta kwanza majina ya watu wadogo wadogo waliozungumza na mabalozi, alafu Septemba 2011 zikamwagwa zote kama zilivyo, majina yote wazi. Mimi nikisoma hivyo namfikiria mtu mmoja tu yuko mji fulani, alikunywa chai na afisa wa ubalozi akamwambia ukweli akaambiwa hatutakutaja. Yule nae alikua na siri yake. Na kuna mwingine, Daniel Ellsberg, huyu nampenda kwasababu kazi yake ilikua fotokopi kama yangu. Mwaka 1969 alikua anafanya kazi kwenye shirika la utafiti California, ana ruhusa ya kusoma ripoti ya siri ya vita vya Vietnam, kurasa 7,000, ndani yake inaonyesha serikali moja baada ya nyingine iliwaambia wananchi kitu kimoja huku inajua kingine. Akawa anazitoa usiku anaenda kuzitolea kopi kwenye ofisi ya matangazo ya rafiki, ukurasa mmoja mmoja, na usiku mwingine alimchukua mwanae wa miaka 13 amsaidie, na binti yake mdogo akakata kwa mkasi yale maneno ya SIRI KUU juu na chini ya kurasa. Mimi nina mtoto wa umri huo, ndo ananipangia karatasi na kupiga pini jioni. Nimejiuliza mara nyingi kama ningeweza kumkalisha pale kwenye kazi ya namna hiyo. Sina jibu. Ila Ellsberg alisema alitaka watoto waone baba yao anafanya hilo jambo akiwa na akili timamu, maana alijua anaenda jela. Na kweli alishtakiwa makosa ambayo yangeweza kumpa miaka 115. Kesi ikafutwa Mei 1973, baada ya kujulikana kwamba watu wa serikali yenyewe walivunja ofisi ya daktari wake kutafuta la kumchafulia.

Lakini kinachonifanya nimheshimu zaidi ni hiki, katika zile kurasa 7,000 kulikua na vitabu vinne vya mazungumzo ya siri ya kutafuta amani, na vile hakuwapa waandishi. Alivizuia, asije akaharibu mazungumzo. Mtu aliyetayari kufungwa maisha kwa kutoa siri alikua bado anachagua ipi itoke na ipi ibaki. Huyo humwiti mropokaji.

Ijumaa baada ya swala yule kijana akarudi. Hakukua na mteja.

"Dada, juzi kuna karatasi ilikwama. Uliitoa?"

"Niliitoa."

"Umeisoma?"

"Nimeisoma mdogo wangu. Nisamehe."

Akakaa kwenye kile kiti cha kupigia picha za paspoti, nyuma yake kitambaa cha bluu, akashika kichwa. Nilifikiri atanigombeza. Akaniambia "Mimi ndo nimezichapa zote mbili, ile iliyoidhinishwa na ile waliyolipiwa. Vidole vyangu mwenyewe." Kumbe mimi siku zote tatu nilikua namfikiria ni mmoja wao, naona kaja kutoa kopi ya kuficha mambo, kumbe ndo alikua anayatoa. Siri ya mtungi aijuaye kata, wahenga walisema, na ofisini kata ni karani, mchapaji, mhasibu wa chini, mhudumu anaepeleka mafaili. Bosi anasaini mara moja, kata inazama kila siku.

Alishamwambia mkubwa wake kwanza. Naomba hili lieleweke maana watu wanaosema "si angefuata utaratibu" huwa hawaulizi kama aliufuata. Alienda, akafunga mlango, akasema mkuu hizi hesabu haziendani. Akajibiwa wewe chapa. Akaniambia kinachomtesa ni kiapo, alipoajiriwa aliapa kutunza siri, kashika msahafu. Nikamwambia ulipoapa ulisema utatunza siri za serikali, huu wizi ni siri ya serikali? Serikali ndo imeidhinisha Bibi apewe milioni sita. Akaniangalia muda mrefu akasema, "Dada, hayo ni mepesi ukiwa upande huo wa kaunta." Na alikua sahihi, nilinyamaza.

Alikua amesoma sheria kuliko nilivyotegemea. Kuna sheria ya 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, inakulinda kama umepeleka taarifa kwa nia njema kwenye mamlaka inayohusika. Gazetini au mtandaoni sio mamlaka inayohusika, ukienda huko umejitoa mwenyewe kwenye mwavuli, na nyuma yako kuna sheria ya usalama wa taifa ya 1970 ambayo ikishaitwa karatasi ya siri haiulizi sana ndani kuna nini. Shida yake ni kwamba mamlaka na mkubwa wake wanajuana, wanakutana kwenye vikao, wanazikana. Nikamuuliza na ile sheria ya 2016 ya haki ya kupata taarifa? Si mwananchi anaruhusiwa kuandika barua akaomba, na ofisi inatakiwa kumjibu ndani ya siku 30? Akacheka kidogo kwa uchungu, akasema, nani atamwambia yule bibi aombe kitu ambacho hajui kama kipo? Nimelifikiria hili jibu mara nyingi sana. Katiba yetu ibara ya 18 inasema kila mtu ana haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi, maneno mazuri kabisa, lakini huwezi kuulizia chumba kama hujui nyumba ina chumba hicho. Lazima mtu aliyeko ndani agonge ukuta usikie.

Ndo ilivyokua kwenye EPA, ile akaunti ya madeni ya nje pale Benki Kuu. Mwaka 2007 nilikua naishi Temeke kwa shangazi, mwezi wa tisa Dr. Slaa, wakati ule mbunge wa upinzani, akasimama Mwembeyanga akasoma majina ya watu aliowatuhumu kwa ufisadi, sisi tuko kwenye vumbi tumekanyagana. Baadae ukaguzi ukaonyesha zaidi ya bilioni 133 zimetoka Benki Kuu kwa malipo yasiyo halali, na Januari 2008 gavana akaondolewa. Jina la Slaa tunalijua sote. Jina la yule aliyezitoa nyaraka ndani mpaka zikafika mitaani, mimi silijui, na wakati ule hata sikuwaza kama kuna mtu kama huyo, niliona kama majina yameanguka toka mbinguni.

Jirani zetu Kenya yule wa kwao wanamjua kwa jina, David Munyakei. Karani kijana wa Benki Kuu ya Kenya mwanzoni mwa miaka ya tisini, fomu za malipo zinapita mkononi kwake, kampuni ya Goldenberg inalipwa fidia ya asilimia 35 kwa kuuza nje dhahabu na almasi, nchi ambayo almasi haina na dhahabu yake haikua ya kufika huko. Akazitoa karatasi akawapa wabunge wa upinzani. 1993 akakamatwa, kesi ikashindikana, kazi ikaota mbawa, akashuka Mombasa akasilimu akaoa akawa anaishi pale kimya kimya. Miaka kumi baadae tume ikaundwa akaitwa kutoa ushahidi, akapewa tuzo, akapigwa picha. Kazi hakurudishiwa. Akafa Julai 2006, maskini, hajafika miaka arobaini. Na Babita Deokaran wa Afrika Kusini, mhasibu wa idara ya afya Gauteng, alikua ameona malipo ya ajabu kwenye hospitali moja akataka yasimamishwe, tarehe 23 Agosti 2021 katoka kumpeleka binti yake shule akapigwa risasi nje ya nyumba yake. Watu sita wamefungwa 2023. Huyu hakutoa siri gazetini. Alifuata utaratibu.

Sikumwambia kijana habari hizi siku ile, nyingine nilikua sizijui. Nilimrudishia ukurasa wake uliojikunja. Akauchana vipande vidogo akaviweka mfukoni. Akaniomba kitu kimoja, "Dada usimwambie mtu kwamba ni mimi. Hata yule bibi." Nikamuahidi.

Akapeleka. Alipeleka ngazi ya juu zaidi, sio ya hapa. Ikachukua miezi, wakaja watu na gari, orodha ikahakikiwa upya, watu wakaitwa mmoja mmoja na vitambulisho vyao, na Bibi akalipwa kilichobaki. Alikuja dukani analia, anasema serikali imetukumbuka mwanangu. Nikatoa kopi ya karatasi yake mpya na mikono inatetemeka.

Kijana jina lake lilijulikana ndani ya wiki mbili. Sijui kwa njia gani, yeye nae hajui. Aliandika hakutaka atajwe, na sheria inasema asitajwe. Siku moja mkubwa wake akamsalimia mbele ya wenzake, "habari yako mwandishi," basi, ikatosha. Wenzake wakaacha kula nae. Alafu barua ya uhamisho, mkoa wa mbali, kijijini kabisa, posho ya uhamisho hakuiona, na mke wake ana genge lake hapa na watoto wawili wako shule, akabaki nao.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Mtaani ikaanza habari kwamba yule kijana kahamishwa kwasababu alikula hela za fidia. Aliyeianzisha simjui. Lakini niliisikia kwenye baraza la jirani tumekaa tunachambua mchele, wanawake sita, mmoja ni katika wale waliolipwa nyongeza kwa ajili yake, anasema kwa mdomo wake "ndo maana alikua hatuangalii usoni, mwizi yule." Na mimi nimekaa pale. Nina ahadi mdomoni. Ningesema neno moja tu, sio yeye, lingefuata swali umejuaje, na swali hilo lingemfikia yeye kule aliko na lingefika kwenye duka langu. Nikaendelea kuchambua mchele. Nilisikia moto usoni mpaka leo nikikumbuka.

Kila mara tukizungumza watoa siri tunawauliza wao. Alivunja kiapo? Alikua na nia gani? Kwanini hakufuata ngazi? Ni msaliti au shujaa? Snowden, yule Mmarekani, alipotoa yale ya serikali yao kufuatilia simu za watu 2013 nakumbuka watu hapa walibishana wiki nzima kama ni msaliti. Sikumbuki hata siku moja tumejiuliza sisi tuliopokea tunadaiwa nini. Bibi kapokea milioni nne na nusu na ziada. Mtaa umepokea. Mimi nimepokea, maana watu walivyopata hela walikuja kuprinti na kununua madaftari ya watoto. Aliyetupa amelipa kwa ndoa yake kuwa ya simu, na sisi tumemlipa kwa jina la mwizi. Nikisema hivi simaanishi watu wa mtaa ni wabaya. Hawajui, na hawajui kwasababu ili abaki salama lazima wasijue, yaani ulinzi wenyewe ndo unaompaka matope. Hapa ndo naona sheria zetu hazijafika. Kumficha jina ni mwanzo. Kuna kumlipa posho yake ya uhamisho. Kuna kumrudisha karibu na watoto wake. Kuna ofisi kutoa tangazo la mistari miwili kwamba orodha ilikua na makosa na hakuna mtumishi wa chini anaehusika, haimtaji mtu, na ingefunga midomo ya baraza zima. Mistari miwili, mimi ningeiprinti bure nikaibandika kwenye kila mwembe.

Mwezi uliopita mke wake alikuja dukani na fomu ya kumuombea mtoto uhamisho wa shule, wameamua wamfuate. Kopi tatu na picha nne za paspoti. Wakati namuandaa mtoto pale kwenye kitambaa cha bluu akaingia Bibi na sahani ya vitumbua ameifunika kawa, huwa ananiletea Ijumaa. Akamuona yule mama akamfurahia, ni jirani wa zamani.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Baba watoto yuko wapi siku hizi? Simuoni."

"Amehamishwa Bibi. Mbali."

"Ah, kazi za serikali hizo," Bibi akasema, "Mungu amsimamie huko aliko," akafunua kawa akampa mtoto kitumbua cha moto, mtoto akanigeukia ananiangalia kama aruhusiwe kula kabla ya picha. Nikamwambia kula tu baba. Nilikataa hela ya yule mama, akaiacha kwenye kaunta, mia tatu za kopi na elfu mbili za picha, ameziweka chini ya kalamu.